Mkanda Uliofungwa kwa Heshima

Paja langu la kushoto limerudi kuwa paja. Kwa msimu mzima lilikuwa kitu kingine: jeusi katikati kama kiazi kilichooza, zambarau pembeni, na kuelekea goti lilikuwa na manjano ambayo sijawahi kuiona kwa kiumbe hai. Namshukuru Mungu, natembea. Naandika haya kwa ajili ya yeyote atakayevalishwa mikanda ya kuning'inia, awe anaruka kutoka kwenye ndege kama mimi, au anashushwa kwenye shimo la dhahabu kule Geita, au anapanda mnara wa simu. Nitajitahidi kuwa mvumilivu, maana ndivyo nilivyowafundisha watoto wa komunyo ya kwanza miaka yangu yote. Lakini sitasema kwamba wote niliokutana nao katika ugonjwa huu walistahili heshima. Wengine hawakustahili hata uji niliowanywesha.

Kwanza nieleze mjane wa Ushirombo alifikaje angani. Parokia yetu ilikuwa inachangisha ujenzi wa wodi ya wazazi. Wakatokea wageni, warukaji wa miavuli, wakaahidi kuja kuruka kwenye uwanja wa ndege wa Ibadakuli, Shinyanga, ili kuvuta wachangiaji. Wakasema kila parokia itoe mzee mmoja, atafungwa kifuani kwa mrukaji mzoefu na kuruka naye. Padre alitangaza baada ya misa. Wazee wetu wa kiume, wale wanaonguruma katika kila kikao kwamba akina mama hawajitumi, walikumbuka maradhi yao yote asubuhi ile. Mmoja alikuwa na ngiri. Mwingine presha. Wa tatu alisema ng'ombe wake anakaribia kuzaa, utafikiri yeye ndiye mkunga. Nikawatazama mmoja mmoja wakichunguza viatu vyao, kisha nikasimama. Sikusimama kwa imani peke yake. Nilisimama pia kwa sababu niliwadharau, na hilo nimekwisha kulipeleka mahali pa kulipeleka.

Ilikuwa kiangazi, pamba imekwisha kuuzwa, vumbi limejaa kila mahali. Pale Ibadakuli wageni walihitaji mtu anayejua lugha yao na anayeijua mikanda. Wakampata Masanja, mume wa binti yangu Rejina. Masanja anafanya kazi kwenye mgodi mkubwa upande wa Geita, na kazi yake ndiyo hiyo: hakuna mtu anayepanda juu kabla yeye hajamkagua mikanda. Ni kijana mpole, Mkatoliki safi, na amelelewa na wazazi waliomkanya. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia.

Kwetu Wasukuma, mkwilima, yaani mume wa binti, hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye sahani moja, hakai naye mkeka mmoja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja huingia porini mwenzake apite. Mjini wengi wameacha. Sisi hatukuacha. Tangu amuoe Rejina, mimi na Masanja tulikuwa tunasalimiana tukiwa tumetenganishwa na ua wote, na nilijivuna kwa majirani kwamba nina mkwilima mwenye adabu.

Sasa akapewa mikanda anivalishe.

Alinikaribia kama mtu anayemlisha mbwa mkali. Alishika mkanda kwa ncha za vidole, akauzungusha kwenye paja bila kunigusa, akaingiza ncha kwenye kishikizo cha chuma, akavuta kidogo, akarudi nyuma hatua kadhaa kupumua. Mimi nilikuwa nimevaa ovaroli waliyonipa, lakini ndani yake nilikuwa na kitenge changu, nimekifunga fundo kiunoni na kukikunja mapajani, kwa sababu sikuwa tayari kusimama mbele ya mkwilima nikiwa na suruali tupu kama mpanda pikipiki.

"Mayo," akaniita kwa Kisukuma, yaani mama, akiwa ameangalia ndege. "Mkanda wa paja uko sawa?"

"Uko sawa," nikajibu nikiangalia kule ng'ambo ya uwanja.

Haukuwa sawa. Ulikuwa unacheza. Mgeni niliyekuwa nifungwe naye akaja, akavuta mwenyewe, akaona umekaza, akaridhika. Alichokuwa amekikaza ni kitenge. Kisha akauliza jambo, na Masanja akatafsiri huku kichwa kimeinama.

"Anauliza kama Mama anatumia dawa yoyote."

Kila asubuhi nakunywa kidonge kidogo cha moyo, kile kinachofanya damu iwe nyepesi. Lakini ni mama gani wa Kisukuma atamsomea mkwilima wake maradhi ya mwili wake? Nikasema, "Mungu ni mwema."

Masanja akatafsiri kwamba hapana.

Kuruka kwenyewe sitaeleza sana, kwa kuwa wenye kueleza ni wengi na wote wanaongeza chumvi. Nilianza Salamu Maria mlangoni na sikuimaliza. Niliona nchi yetu yote imekauka rangi ya ngozi ya ng'ombe, na malambo yameng'aa kama vipande vya bati, na nikalia kwa shukrani kwamba Mungu anatutazama kutoka huko kila siku na bado anatuvumilia. Kisha mwavuli ukafunguka. Uzito wangu wote ukaangukia mikanda, kitenge kikateleza, fundo likashuka, na mkanda nao ukapanda mpaka kwenye mkunjo wa paja na kubana fundo lile kwenye nyama. Nilisikia kitu kikipasuka ndani, kimyakimya, kama mshipa wa jani la muhogo.

Chini watu walikuwa wanapiga vigelegele. Nilitembea kwa miguu yangu, nikasema paja linaniuma. Warukaji wakacheka. Msichana mmoja akapandisha mkono wa shati na kuonyesha alama ya buluu begani, mwenzake akaonyesha yake mbavuni, wakazilinganisha kama watoto wanaolinganisha makovu ya miiba. Masanja alinitafsiria kwamba wanasema kila anayeruka hupata, ni ukumbusho. Sina chuki nao. Lakini mtu anayefurahia kuvilia damu ni mtu ambaye hajawahi kuumwa.

Asubuhi ya pili, nyumbani Ushirombo, paja lilikuwa jeusi. Hapo akaja jirani yangu Mama Mbula na sufuria la maji ya moto.

Nataka kusema juu ya maji ya moto. Kwetu kila kitu hukandwa. Umezaa, unakandwa. Umeteguka, unakandwa. Umefiwa, watakutafutia mahali pa kukanda. Mama Mbula alinikanda asubuhi na jioni, akasugua kwa nguvu za mtu anayetwanga, na kila aliposugua uvimbe ulikua.

"Damu mbaya inatoka kwenye mfupa," akanieleza. "Ukiona imevimba ujue dawa inafanya kazi."

"Mama Mbula, na ikipasuka?"

"Ikipasuka umepona!"

Nilimwachia. Kijana wa duka la dawa naye aliitwa, akanichoma sindano ya maumivu bila kuuliza nakunywa nini, akaniambia ninywe soda nyeusi irudishe damu. Mwanamke niliyefundisha watu wazima Amri za Mungu nilikaa nikanywa soda nyeusi. Ewe unayesoma, siku za mwanzo baridi ndiyo rafiki yako: kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya mtungi, mguu juu ya mto, na mtu yeyote mwenye mafuta mkononi umfungie mlango.

Wageni wa kunijulia hali walikuja na maelezo. Shemeji yangu Mzee Lusangija, ndugu wa marehemu mume wangu, alikaa kwenye kiti kizuri, akatazama wifi zangu wakinifunua kidogo, akatikisa kichwa.

"Shemeji, wewe umepigwa."

"Na nani?"

"Hilo ndilo linalotafutwa."

"Nilifungwa mkanda vibaya, shemeji."

"Mkanda hauna mikono," akasema, na wote wakaguna kama waliosikia hekima.

Mhubiri wa kanisa la jirani naye alipita, akasimama mlangoni, akanikumbusha habari za Babeli, kwamba waliotaka kufika mbinguni walishushwa. Nikamwambia, "Mchungaji, wale walikuwa wanapanda. Mimi nilikuwa nashuka." Hakurudi tena, na hiyo ilikuwa rehema ya kwanza ya ugonjwa wangu.

Kisha mguu ukaanza kupoa. Kwanza vidole, halafu unyayo wote, ukawa kama wa mtu mwingine aliyelala nami kitandani. Rejina alikuwa Geita na mapacha wachanga. Mwanangu wa kiume yuko bandari kavu ya Isaka anapakia malori, na hakupewa ruhusa. Aliyekuja ni Masanja, na gari la kukodi.

Nililazwa kiti cha nyuma. Yeye akakaa mbele na dereva, shingo imenyooka, hageuki. Njia nzima tulizungumza kupitia kwa dereva.

"Muulize Mama kama anataka maji."

"Mama, anauliza unataka maji?"

"Mwambie namshukuru, bado."

"Anasema bado."

"Muulize mguu bado una baridi?"

Tulipopita Kahama dereva aliegesha gari pembeni. "Jamani," akasema, "mimi nimekodiwa kuendesha. Huyu mama anakusikia na wewe unamsikia. Kama mna ugomvi, semeni niwasuluhishe!"

"Hatuna ugomvi," Masanja akasema. "Ni heshima."

"Mwambie hivyohivyo," nikasema mimi.

Hospitalini Shinyanga tulikaa kwenye benchi la korido. Ukitaka kuwajua wanadamu kaa hapo. Yupo anayelala juu ya begi la mwenzake. Yupo anayekohoa kwa makusudi ili apewe nafasi. Yupo bwana mwenye shati la pasi aliyeniuliza ninaumwa nini, nikamwambia nilianguka na mwavuli, akasogea mbali nami akidhani kichwa changu ndicho kibovu. Lakini yupo pia mwanamke mmoja aliyetoka Nkome, ananuka dagaa, aliyevua khanga yake bila kuniuliza akanifunika ule mguu baridi. Sikulijua jina lake, na namwombea kila siku kama "yule wa Nkome". Nadhani Mungu anamfahamu.

Tulipoitwa, nilishindwa kupanda kitandani, muuguzi akanivuta mpaka nikalala. Daktari alikuwa kijana, kama wale niliowapiga kwa fimbo ya katekisimu. Alibonyeza unyayo, akatafuta mapigo ya damu, uso ukabadilika.

"Mama, damu imejaa hapa juu inabana mishipa. Tukichelewa, mguu huu unakwenda."

"Unakwenda wapi?" nikauliza, ingawa nilielewa.

"Tunaukata." Akamgeukia muuguzi. "Nahitaji mtu wa kuunyanyua mguu wote na kuushikilia nikiwa naangalia huku juu. Ndugu yake ni nani?"

Muuguzi akamtazama Masanja aliyekuwa amesimama mlangoni, uso umeelekea ukutani. "Kaka, njoo."

"Siwezi," Masanja akasema. "Huyu ni mama mkwe wangu."

"Kwa hiyo?" akauliza daktari, ambaye hakuwa wa kwetu.

Muuguzi alikuwa wa kwetu, akaelewa. Mwenyewe alikuwa peke yake na alihitajika kushika taa na vifaa. "Binti yake yuko njiani," akasema taratibu. "Anakuja na basi la Geita."

"Mguu hausubiri basi," daktari akasema.

Nataka nieleze vizuri nilichokiona pale, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Nilikuwa mwanamke mzima niliyezaa, nikazika mume, nikawafundisha wengine kwamba mwili ni hekalu la Roho. Na nilikuwa nalala pale nikipima moyoni kipi bora: kubaki na miguu yangu au kubaki na sifa zangu kwa majirani. Nilipima kweli. Ninavyomdharau Mama Mbula na sufuria lake, ninaidharau zaidi dakika ile.

"Baba Kulwa," nikamwita kwa jina la mtoto wake. "Njoo unishike."

"Mayo, siwezi."

"Hata mimi siwezi. Njoo."

Alikuja akiwa amefumba macho, machozi yanatoka kwenye kope zilizofungwa. Daktari akamwambia afumbue, asije akamwangusha mgonjwa. Akafumbua. Akaingiza mikono yake chini ya paja langu na kulinyanyua, akalishika imara, kama anavyoshika watu huko kazini kwake, si kwa ncha za vidole. Daktari alianza kuuliza: mkanda ulipita wapi, ulikuwa na upana gani, ndani kulikuwa na nini. Masanja akajibu, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine, sauti ya kazi.

"Mkanda wa paja unatakiwa ulale bapa, juu kabisa kwenye mkunjo, usipite juu ya fundo wala mfuko wala nguo iliyojikunja. Kiganja kilichonyooka kipite, ngumi isipite. Ule wake ngumi ilikuwa inapita." Kisha akanigeukia mimi. "Nilijua umelegea, Mayo. Mtu akija kwangu na mkanda kama ule namrudisha."

"Nilijua na mimi," nikasema. "Na mwambie daktari nakunywa kidonge cha moyo."

Safari hii alitafsiri sawasawa, ingawa daktari alikuwa anasikia Kiswahili.

Walinipasua siku ileile. Walitoa damu iliyoganda ambayo muuguzi alisema ilifanana na maini, akaomba radhi kwa kusema hivyo. Kidonda hakikushonwa, kiliachwa wazi, kikawa kinajazwa shashi na kusafishwa kila asubuhi. Wiki za mwanzo nilizihesabu kwa kuvuliwa shashi. Ulikuwa uchungu wa aina yake, unaanzia kwenye meno. Muuguzi mmoja alikuwa na desturi ya kusugua viganja vyake vipate joto kabla ya kunigusa. Mwingine hakuwa nayo. Nimejifunza kwamba utakatifu unaweza kuwa kitu kidogo kama hicho. Nywele zilinitoka, mbavu zikaonekana, na wodi nzima iliijua harufu yangu. Mvua za kwanza zilinikuta hapo, zikipiga bati, na akina mama wa vitanda vingine wakaanza kulia kwamba hawapo nyumbani kupanda.

Rejina alipofika alinikumbatia mimi, kisha akamwendea mume wake koridoni. Nilisikia yote.

"Wanaume usiowajua hata majina unawafunga kila siku wanarudi salama kwa wake zao. Mama yangu umemfunga kama mzigo wa kuni!"

"Rejina, ni mama yako. Ningemgusaje?"

"Ungemgusa kama mtu!"

Hawakuzungumza vizuri mpaka karibu na Majilio. Hilo liliniuma kuliko shashi, na dawa yake hospitalini haipo.

Niliporudi Ushirombo mahindi yalikuwa yamefika magotini. Nilikuwa natembelea fimbo. Sikuwa nimemaliza kupokea salamu, Mzee Lusangija akaja na wazee wawili wa ukoo. Wote watatu ni wale wale wa parokia: ngiri, presha, na mkunga wa ng'ombe. Habari zilikuwa zimewafikia kwamba mkwilima amenishika paja.

"Shemeji, pole kwa ugonjwa," akasema Lusangija. "Sasa kuna jambo la kusafisha. Kijana lazima atoe mbuzi. Vinginevyo watoto wake watapata shida, na hata wewe kidonda hakitafunga."

"Kidonda kimefunga," nikasema.

"Kitafunguka."

"Mlipokuja kunitazama mguu unaoza, hamkuja hata na yai. Leo mmekuja kwa mbuzi."

"Usituelewe vibaya. Ni mila."

Masanja alikuwa amesimama nje ya ua, mbali kama zamani, ameinamisha kichwa, na Rejina kando yake ananitazama mimi. Nikaona kwamba akilipa mbuzi yule kama faini, basi mbele ya watoto wake itakuwa alifanya kosa kunishika. Na mkwilima mwingine yeyote wa kijiji hiki, siku mama mkwe wake akianguka, atakumbuka mbuzi yule na kusimama mlangoni akiangalia ukuta.

"Mbuzi atakuwepo," nikasema. "Lakini ni wangu, natoa mimi, ni wa shukrani. Rejina, mwambie mumeo achinje."

Wazee walitazamana. Mbuzi ni mbuzi, wakakaa.

Nyama ilipoiva niliagiza mkeka utandikwe katikati ya ua, wala si nyuma ya nyumba. Nikaweka fimbo chini, nikakaa, mguu nimeunyoosha mbele yangu. Sahani ya ugali na nyama ikaletwa, moja. Nikamwita.

"Baba Kulwa, njoo tule."

Lusangija akasimama nusu. "Shemeji, hilo usilifanye. Kushikwa ulikuwa mgonjwa. Hili unalitaka mwenyewe."

"Ndiyo," nikasema. "Nalitaka mwenyewe. Kama ni dhambi padre yupo pale juu barabarani, mnaweza kwenda kumwuliza. Nyama itapoa."

Hakuna aliyekwenda.

Masanja alivuka ua. Alinawa mikono kwa muda mrefu, akakaa pembeni kabisa ya mkeka, nusu yake ikiwa kwenye mavumbi. Akafanya ishara ya msalaba. Akamega tonge dogo kama la mtoto, akalishika bila kulipeleka mdomoni, macho yameelekea geti.

"Mega vizuri," nikamwambia. "Umenibeba mzima."

Akamega.